Kesi ya Maji Yaliyokosa Chuma

Katika Jamhuri ya Taadhima mtu haombi maji kabla hajaomba radhi. Nyumba ya Mtaadhima ikishika moto, utamsikia akiita kwa sauti ya upole, "Samahanini jamani, naungua." Mgonjwa akifika hospitali humtaka radhi daktari kwa kuugua siku ya kazi. Hata maiti, ambaye kwa bahati mbaya hawezi kujisemea, husemewa na nduguze pale kaburini: "Marehemu anaomba radhi kwa usumbufu." Ni nchi yenye adabu sana. Idara yake ya Radhi ina jengo refu kuliko hospitali zote, tena lina lifti, na ingawa lifti hiyo haijawahi kupanda, mlangoni mwake wamebandika samahani yenye mwandiko mzuri kabisa.

Basi wakazi wa mtaa wa Kitopeni walipokwenda serikalini kueleza habari ya visima vyao, walianza kwa kuomba radhi kwa kuwa na kiu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Maji ya Kitopeni yalitoka kisimani maangavu, ukiyaona unasema leo tumepona. Lakini ukiyaweka kwenye ndoo ukageuka kumnyamazisha mtoto, ukirudi unakuta yameanza kuiva: kwanza manjano, halafu rangi ya kutu, na juu yake utando unaometameta kama mafuta ya gari. Ukiyachemshia chai, chai ilikuwa nyeusi kama wino, hata ukiimiminia maziwa ya ng'ombe mzima. Ukiyapikia wali, wali ulitoka na sura ya mtu aliyeletewa habari mbaya. Na nguo nyeupe ukiifua kwa maji hayo, uliianua ikiwa na rangi ya boga.

Waziri wa Visima, Vidimbwi na Mambo Yanayofanana na Hayo, Mheshimiwa Profesa Fumbwe, alifunga safari hadi Kitopeni kuwajibu.

"Ndugu wananchi," alinguruma, "nasikia mnalalamika kwamba maji yenu yana chuma. Mnalalamika! Yapo mataifa yanayopigana vita ili yapate chuma, ninyi mnakipata kwa kata! Mnakioga! Nionyesheni nchi nyingine ambako mwananchi wa kawaida anapikia maharage chuma!"

Watu walipiga makofi, wakaomba radhi kwa kutolitambua hilo mapema.

Ila lilibaki suala la rangi. Kwa mujibu wa katiba ya Taadhima, vazi la taifa ni jeupe, na kila kiongozi, kuanzia waziri hadi mjumbe wa mtaa, hulivaa hadharani. Na kwa kuwa visima vya nchi nzima vilikuwa na chuma hicho hicho, viongozi nao walikuwa wamegeuka maboga. Serikali haikupoteza muda kuhangaika na maji. Ilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo nyeupe ni ile rangi inayopatikana baada ya nguo kufuliwa kwa maji ya taifa. Walimu wakawaonyesha watoto boga, watoto wakaimba kwa pamoja, "Nyeupeee!" Mawingu na maziwa yakabaki bila rangi rasmi.

Mtu aliyeumia zaidi kwa tangazo hilo alikuwa Kidawa.

Kidawa alikuwa dobi wa Kitopeni, mjane mwenye mikono mipana na mdomo ambao majirani waliusifia kwa mbali. Kisima kilichokuwa uani kwake kilichimbwa na mumewe mwenyewe, kwa sururu, kabla ya maradhi kumchukua, na hicho ndicho alichomwachia cha kulelea wanawe. Sasa dobi wa nini, wakati rangi ya boga kila mtu aliweza kujitia nyumbani kwake? Kamba zake za kuanikia zilikaa tupu, kunguru wakazifanya baraza.

Ndipo dada yake, Mwanjaa, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, alipokuja kumtembelea. Mwanjaa alionja chai akaitema.

"Hiki nini, Kidawa? Mmechemsha kufuli?"

"Ni lishe," alisema Kidawa. "Serikali imesema."

"Lishe ya punda. Kwetu maji yalikuwa hivi hivi. Tunayamwaga kupitia debe lenye matundu ili yapigwe na hewa, chuma kinageuka kutu, maji yanatulia, kutu inakaa chini. Halafu unayapitisha kwenye mchanga. Basi."

"Na serikali yenu inasema nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu hayo maji."

Mwanjaa alifikiri sana. "Sidhani kama inajua kwamba tunakunywa maji."

Kidawa aliona hiyo ni serikali nzuri. Dada yake alipoondoka, alichukua debe na msumari akalitoboa chini mpaka likawa kama kung'uto. Akalitundika juu ya pipa, kwa kimo cha kutosha maji yaanguke kama manyunyu. Yakishatulia mpaka kutu yote imezama, aliyateka ya juu na kuyapitisha kwenye pipa la pili, lenye kokoto chini na vipande vya mkaa, na juu yake mchanga wa mtoni aliouosha mpaka ukaacha kutoa tope. Yale yaliyochuruzika kwenye bomba la chini yalikuwa maangavu. Akayatazama. Akakaa kwenye kigoda kuyasubiri yaive. Hayakuiva.

Jirani yake wa kwanza kuja na ndoo alikuwa Bi Arafa, bibi kizee aliyekuwa na adabu kiasi kwamba alibisha hodi hata akiingia chumbani kwake mwenyewe. Siku iliyofuata alirudi anafuta macho.

"Kidawa mwanangu, samahani sana. Nimepika chai ya maziwa, imekuwa chai ya maziwa."

Tangu hapo mtaa mzima ulipanga foleni uani kwa Kidawa, kila mmoja akiomba radhi kwa aliyekuwa mbele yake kwa kumfuata nyuma.

Mambo yangeishia hapo, kila mtu anywe chai yake kwa amani, lau Kidawa asingekuwa na shemeji. Mshangama, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa mjumbe wa mtaa, na siku ya Sikukuu ya Vazi la Taifa alitakiwa kusimama uwanjani mbele ya Waziri. Alileta kanzu yake.

"Shemeji, nifulie. Nataka ing'ae."

"Unataka ing'ae kweli, au ing'ae kiserikali?"

"Kwani kuna tofauti?" aliuliza Mshangama, ambaye alikuwa mjumbe kwa muda mrefu mno.

Kidawa akaifua. Si kwa ubaya. Ni dobi, na ulikuwa umepita muda mrefu hajaona weupe ukitoka mikononi mwake. Aliisugua, akaisuuza, akaianika juani, akaipiga pasi, akaibusu kidogo kwenye kola.

Uwanjani, kati ya viongozi waliojipanga kama shamba la maboga, Mshangama alionekana kama jino moja zima katika kinywa kilichooza. Mheshimiwa Fumbwe alikatiza hotuba yake.

"Yule ni nani? Na ile ni rangi gani?"

Wasaidizi wakanong'onezana. "Mheshimiwa, tunaijua, lakini tunaogopa kuitaja."

Mshangama alishapiga magoti. "Samahani Mheshimiwa! Nimetakata bila kukusudia!"

"Nani amekutakatisha?"

Nao uaminifu wa Mshangama kwa familia ulikuwa mkubwa, lakini haukufika mpaka hapo. "Shemeji yangu!" alilia, akionyesha Kitopeni kwa mikono yote miwili.

Asubuhi iliyofuata lori la askari lilisimama mlangoni kwa Kidawa. Akashuka Kamishna wa Madini Yaliyofichika, Bwana Lugongo, amevaa kofia ngumu na miwani ya kujikinga na vumbi.

"Hapa ndipo mgodini?"

"Hapa ndipo nyumbani," alisema Kidawa. "Mgodi gani?"

Lugongo alizunguka mapipa kwa hatua za kunyata, kama vile yangeweza kumrukia. Akachungulia la kwanza. Chini kulikuwa na tope jekundu.

"Hii ni nini?"

"Kutu."

"Ya nani?"

"Ya nani tena? Ya maji."

"Mama," alisema Lugongo kwa huzuni ya mtu anayeipenda kazi yake, "madini yote yaliyo chini ya ardhi ya Taadhima ni mali ya serikali. Chuma hiki kilikuwa chini ya ardhi. Wewe umekipandisha, ukakitenga na maji yake, ukakirundika. Huo ni uchimbaji wa madini bila kibali."

"Na nilipokuwa nakinywa, kilikuwa mali ya nani?"

"Ukikinywa ni lishe. Ukikitoa ni uchimbaji."

"Na nikikikojoa?"

Askari wakatazama viatu vyao. Lugongo alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Hilo," alisema hatimaye, "wataalamu wanalifanyia kazi."

Tope lilitekwa kwenye beseni, likafunikwa bendera, likapelekwa mji mkuu kwa msafara wa ving'ora. Redio ya taifa ilitangaza kuzaliwa kwa sekta ya chuma. Wachambuzi walijadili kama tuanze na reli au na manowari. Bahati mbaya barabara ya kwenda mji mkuu ni ya vumbi na upepo ulikuwa mkali. Tope likakauka njiani, likapeperuka, na kilichofika kilikuwa beseni tupu na askari wekundu mpaka kope. Mheshimiwa Fumbwe alilizindua beseni.

Kisha ikaja zamu ya mchimbaji. Kwa desturi za Taadhima kosa lolote humalizwa kwenye Uwanja wa Radhi. Mkosaji hupanda jukwaani, hupiga magoti mbele ya kipaza sauti, hutamka "naomba radhi", hunywa glasi ya maji ya taifa, na umati huitikia, "Umesamehewa!" Redio hurusha yote moja kwa moja, kwa kuwa hakuna burudani nyingine. Tena radhi ni jambo takatifu: ikishaanza, hakuna aruhusiwaye kuikatiza, hata Rais, mpaka lile neno litamkwe. Anayekataa kulitamka huzibiwa chanzo cha kosa lake. Chanzo cha kosa la Kidawa kilikuwa kisima. Gari la zege liliegeshwa mapema nyuma ya nyumba yake, pipa lake likizunguka kwa subira.

Bi Arafa alikuja kumsihi. "Mwanangu, ni neno tu. Mimi nimeshaomba radhi hata kwa mvua kunyesha. Lisemwe liishe, kisima kibaki."

"Bi Arafa, leo umekunywa chai ya rangi gani?"

"Ya maziwa, mwanangu." Kikongwe alitabasamu bila kujua. "Kama ya harusini."

"Sasa nikiomba radhi, nitakuwa nimeiombea radhi chai yako."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bi Arafa akaondoka bila kusema samahani.

Mchana huo gari jeusi la vioo vya giza liliegeshwa uani. Aliyeshuka, akiangaza huku na huku, alikuwa Mheshimiwa Fumbwe mwenyewe, amekumbatia suti iliyofungwa kwenye shuka.

"Bi Kidawa," alisema kwa sauti ya chini, "nikueleze jambo la kitaifa. Nimetoka kwenye mkutano wa mawaziri ng'ambo. Nilivaa suti hii, nyeupe ya taifa. Pale mlangoni wakaniambia jikoni ni kule nyuma, na wakaniuliza mtungi wa gesi nimeuacha wapi."

Kidawa aliuma ulimi wake. Ulimi ulistahimili.

"Kwa hiyo," aliendelea Waziri, "kesho utaomba radhi, vizuri, kwa machozi kidogo. Nami nitakuteua Dobi Mkuu wa Jamhuri. Mapipa yatahamia kwangu. Kisima hakitaguswa. Ila hawa," alielekeza kidole kwenye foleni ya ndoo nje ya ukuta, "hawa watarudi kwenye lishe."

"Yaani haya maji kwa Bi Arafa ni kosa, kwako ni itifaki."

"Naona sasa unaanza kuelewa uongozi."

"Suti iache," alisema Kidawa. "Nitaifikiria."

Kesho yake Uwanja wa Radhi ulifurika. Kidawa alipanda jukwaani. Mshereheshaji akamwekea kipaza sauti kwenye kimo cha mtu aliyepiga magoti. Kidawa akakiinua mpaka kwenye kimo cha mtu aliyesimama. Mheshimiwa Fumbwe, aliyeketi mbele, alitabasamu kwa uvumilivu. Kando yake ilingoja glasi ya maji mekundu, imefunikwa kitambaa kilichofumwa.

"Wananchi wenzangu," alianza Kidawa, na taa nyekundu ya redio ikawaka. "Kosa langu ni zito, kwa hiyo itabidi nilieleze lote, nisije nikasamehewa nusu."

Fumbwe akatikisa kichwa kukubali. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa.

"Nilichukua debe. Debe lolote, hata lililokuwa la mafuta, mradi ulioshe vizuri. Nikalitoboa chini kwa msumari, matundu madogo madogo, yakaribiane."

"Umesamehewa!" umati uliitikia kwa mazoea.

"Bado sijamaliza. Nikalitundika juu ya pipa. Msilitundike chini chini kama watu wanaoona haya. Juu! Maji yaanguke kwa manyunyu, yapate hewa."

Tabasamu la Waziri likaanza kumtoka, kama rangi kwenye kitenge cha bei rahisi. Alimgeukia Mkurugenzi wa Idara ya Radhi. "Mzimeni."

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi, jasho likimtiririka. "Hajalitamka neno. Radhi haikatizwi. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyeipitisha sheria hiyo."

"...Halafu mkayaache yatulie," Kidawa alikuwa akisema, kwa sauti ya mama anayemfundisha binti kupika. "Msiyakoroge! Najua watu wa Kitopeni mna pupa. Kutu ikishakaa chini, chukueni ya juu, mpitishe kwenye mchanga. Mchanga uoshwe kwanza. Yule pale nyuma aliyenuna, umesikia? Uoshwe."

"Na mkaa?" ilipigwa sauti kutoka katikati ya umati.

"Mkaa upondwe vipande, usiwe unga, uwekwe chini ya mchanga. Na mchanga ukianza kuwa mwekundu, mnaukwangua juu na kuuosha tena. Hilo ndilo kosa langu, lote, mwanzo mpaka mwisho."

Uwanjani, na kwenye redio nchi nzima, watu walikuwa wanayakumbuka madebe yaliyozagaa nyumbani.

"Haya," alisema Fumbwe, amesimama, sauti imemkauka. "Umeeleza. Sasa tamka neno."

Nyuma ya umati, askari kijana mwenye redio ya upepo alisubiri amri ya kuliruhusu gari la zege. Kidawa alimwona. Akamkumbuka mumewe akitoka kisimani na udongo mpaka kwenye masikio, anacheka, anasema, "Maji hayo!"

"Neno lipi, Mheshimiwa?"

"Unalijua!"

"Nalijua. Sina matumizi nalo."

Umati haukujua uitikie nini. Desturi haikuwa na kiitikio cha hapo. Mtu mmoja alijaribu, "Umesa..." akaishia njiani.

Zege lilimwagwa kisimani alasiri ile ile. Kidawa alisimama akalitazama likishuka, mikono kiunoni, mpaka kisima kikajaa kama mdomo ulioshindiliwa ugali. Hakulia mbele yao. Alilia baadaye, jikoni, akimenya vitunguu ili asiulizwe.

Lakini nchi nzima ilikuwa imeshaanza kutoboa. Serikali ikapiga marufuku misumari, watu wakatoboa kwa visu. Ikapiga marufuku madebe, watu wakatoboa ndoo. Ikatangaza mchanga kuwa nyara ya taifa, na Kamishna Lugongo alionekana mtoni akijaribu kuuhesabu. Mwishowe redio ikaeleza kwamba, kutokana na jitihada za Mheshimiwa Fumbwe, nyeupe imerejeshwa kuwa nyeupe, na wananchi wanaombwa wamshukuru kwa utaratibu. Kidawa alichotewa maji na majirani, akafua kwa maji yao, na kamba zake zikajaa.

Ila Waziri hakupata usingizi. Kulikuwa na mtu mmoja katika Jamhuri nzima ya Taadhima aliyekuwa anadaiwa radhi, na mtu huyo alikuwa anaishi, anafua, anaimba. Akamtuma Mshangama.

"Shemeji," alisema Mshangama, ameshika mlango asije akafungiwa nje, "samahani. Wamesema zege litavunjwa, kisima kitafufuliwa, pampu watakuwekea bure. Lile neno tu."

"Silisemi."

"Si lazima uwanjani. Hapa hapa, mimi na wewe."

"Silisemi."

"Ninong'oneze basi. Sikio hili hapa."

"Liondoe, lina nta."

"Shemeji, tikisa kichwa tu!"

Kidawa alikamua shuka, akalikung'uta, akalitupa kambani. Kichwa hakikutikisika.

Mshangama alikaa kwenye kigoda, amechoka. Akafikiri. Kisha akasogea karibu, macho yakimng'aa kwa matumaini ya mwisho.

"Basi kohoa. Kohoa tu, shemeji, mara moja. Sisi wenyewe tutasema hiyo ni radhi. Waziri amekubali."

Asubuhi hiyo Kidawa alikuwa ametia mkaa kwenye pasi, na majivu yalikuwa yamemwingia kooni yakamkaa. Koo lilimwasha, machozi yakamlengalenga. Kule kisimani zege lilikuwa linapasuka nyufa kwa jua, na chini yake yalikuwapo maji ya mumewe. Alibana midomo. Akasubiri mpaka mwasho ukapita wenyewe, taratibu, kama mgeni asiyekaribishwa. Ndipo akamgeukia shemeji yake.

"Siombi radhi," alisema, "wala sikohoi."